Maswali ya Barazani, Majibu ya Jikoni

Ko! Halafu kimya kidogo. Halafu sauti ya mtoto: "Thelathini na nane!"

Ndiyo sauti iliyonipokea siku yangu ya kwanza kazini, na mpaka leo naisikia vizuri kabisa. Nilikuwa nimesimama nje ya ua mmoja wa Makwale, baiskeli mkononi, begi la kituo mgongoni, jasho linanitiririka. Ndani ya ua watu walikuwa wanapasua kakao. Kila tunda lilipopigwa rungu, binti mmoja wa darasa la tatu alitaja idadi ya punje kabla hajaziona, kisha akazihesabu kwa vidole vyake vyenye utelezi. Akikosa, anajizomea mwenyewe: "Aa, we naye!" Akipata, anacheza. Nilisahau hata kupiga hodi.

Nina miaka ishirini na saba na nimestaafu. Cheka tu, hata mama yangu alicheka. Lakini kazi niliyoifanya kwa miaka sita imefika mwisho kwangu, mkataba umekwisha, na wadogo zangu wawili wanaoipokea wameniomba niwaandikie ilivyokuwa. Basi nimekaa kama wazee wanavyokaa, nimenyoosha miguu, nawasimulia.

Kituo chetu kiko Kyela mjini, chumba kimoja na stoo. Kinafuatilia watoto wa shule ya msingi wenye vipawa, wale ambao mwalimu akimaliza kuandika swali ubaoni wao wameshalijibu, na muda unaobaki wanautumia kumchokoza jirani. Darasa lina watoto wengi, mwalimu ni mmoja. Kwa hiyo sisi tuliwafuata nyumbani. Tulichowapelekea tulikiita kazi nyongeza, yaani maswali, michezo na majaribio ya kufanywa kwa vitu vya nyumbani, pamoja na watu wa nyumbani. Kila mtoto alikuwa na daftari la udadisi, ambamo aliandika lolote lililomshangaza. Si la kusahihishwa. Hata kalamu nyekundu tulikatazwa kubeba.

Mimi nina kidato cha nne, na matokeo yangu tuyaache yapumzike. Walinichukua kwa sababu naendesha baiskeli, nasema Kinyakyusa na Kikisi, na ninapenda watoto mpaka najisahau. Nilijiona mwalimu mkuu wa dunia.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Msimamizi wa Kituo, mama mmoja aliyefundisha miaka mingi, mwembamba, mwenye miwani ya kamba. Baada ya wiki tatu aliniita mezani kwake.

"Yule binti wa kakao umempa nini?"

"Kitabu cha darasa la tano, mama. Amekimaliza chote!" Nilisema nikitabasamu.

"Vizuri. Sasa akifika darasa la tano atafanya nini?"

Nikaanza kuikagua kamba ya miwani yake.

"Alale?"

"Hapana, mama."

"Ikupa, mwanangu, usimkimbize. Mpanulie. Mtoto mwepesi ukimkimbiza, unamwongezea miaka ya kukaa darasani akichoka. Mwulize kitu ambacho hata wewe hukijui."

Hilo la mwisho kwangu lilikuwa jepesi, maana nisivyovijua ni vingi. Nikarudi Makwale na swali moja tu: kwa nini matunda mawili ya kakao ya mti mmoja, yaliyolingana kwa nje, yana punje zisizolingana? Hili tunaliita swali wazi, swali lisilo na jibu moja la kwenye kitabu. Lilimchukua yule binti muhula mzima. Alichora, alipima kwa uzi, aligombana na kaka zake, aliwafukuza nyuki. Mpaka naondoka Makwale alikuwa hajalimaliza, na sijawahi kuona mtoto mwenye furaha kama ile.

Kituo changu cha pili cha kazi kilikuwa Katumba Songwe, ukingoni mwa mto. Huko nilikuwa na mapacha wa darasa la tano. Mto Songwe hautulii, kila mvua unajisogeza, na kwa kuwa ng'ambo ni Malawi, watu huamka wakauliza shamba liko upande gani. Mapacha wale niliwapa kazi ya kuchomeka vijiti ukingoni kila Jumamosi, wakiwa na mtu mzima, kisha kuchora mto ulivyohama. Shangazi yao, ambaye ameolewa ng'ambo na huja na dagaa wa kuuza, alikuwa akiwatania: "Chomekeni, chomekeni! Mto ukisogea kidogo tu mnakuwa watoto wetu, na akili zenu tunachukua." Nao wanamjibu, "Basi na wewe unakuwa wa huku, utachota maji yetu!" Mle ndani ya utani kulikuwa na ramani nzuri kuliko ya ukutani kwa mtendaji.

Nilishaiva. Nasema bila aibu, kazi nilikuwa naijua. Na hapo ndipo nikahamishiwa Busale nikakosea kosa ambalo mtoto wa darasa la kwanza wa Kinyakyusa asingelikosea.

Wakati huo Msimamizi alikuwa ameshastaafu, na nafasi yake aliishika Mratibu, kijana wa Singida, mpole, aliyependa fomu kama wengine wanavyopenda samaki mbasa. Alituletea utaratibu wa kikao cha nyumba. Kila muhula, watu wazima wa nyumba wakae pamoja na mtoto, wafanye kazi moja mbele ya Mratibu, naye atie sahihi. Nyumba isiyofanya kikao, jina la mtoto linatoka kwenye orodha, nafasi anapewa mwingine. Watoto waliosubiri walikuwa wengi, kwa hiyo hakuwa anatishia.

Busale nilikuwa na Bupe. Darasa la nne, mwembamba, meno ya mbele yamepishana, haongei mpaka ameshafikiri. Baba yake alifanya kazi Mbeya akija mara moja kwa mwezi. Nyumbani walikuwa Bupe, mama yake, na babu, baba wa baba yake. Babu alikuwa fundi wa zamani wa nyumba za mianzi, na nyumba aliyokuwa akiishi, pamoja na jiko lililosimama peke yake nyuma ya baraza, aliijenga yeye.

Nilipofika mara ya kwanza nilimkuta babu barazani. "Mugonile, tata," nikamwamkia. Akanionyesha kigoda, na mazungumzo hayakukauka. Alimfundisha Bupe mbele yangu jinsi fundi anavyopata kona ya nyumba iliyonyooka bila kifaa chochote. Unachukua kamba, unaigawa sehemu kumi na mbili zinazolingana, unaifunga iwe mduara, kisha unaivuta iwe pembetatu: upande mmoja sehemu tatu, wa pili nne, wa tatu tano. Kona iliyo kati ya tatu na nne haiwezi kupinda hata ukitaka. Mimi nikaandika swali wazi kwenye daftari la Bupe: je, kuna kamba nyingine inayofanya hivyo?

Mama yake sikuwahi kukaa naye. Nikija, yuko jikoni. Namsalimia mlangoni, anaitika vizuri, ananiletea ndizi za kuchemsha kupitia kwa Bupe. Nilimwambia mara kadhaa, "Mama Bupe, karibu barazani tukae," naye anashukuru, "Ndaga, dada. Siku nyingine." Kwenye fomu ya ziara, palipoandikwa ushiriki wa mzazi, niliandika: mama hana mwamko. Naona aibu kuliandika tena hapa, lakini niliandika.

Siku ya kikao Mratibu alikuja na pikipiki, shati limenyooshwa. Babu alikuwa ameingia ndani kutafuta vigoda. Nikaenda jikoni.

"Mama Bupe, mgeni amefika. Twende."

"Dada, siwezi. Yupo."

"Nani yupo?"

"Yupo."

Nikadhani anamwogopa Mratibu. "Usiogope, mama, ni mtu mzuri huyu, hata kucheka anajua." Nikamshika mkono. Yeye anavuta ndani, mimi navuta nje, huku nacheka. Nikamtoa mpaka uani, na wakati huohuo babu akazunguka kona ya nyumba amebeba vigoda viwili.

Walikutana uso kwa uso.

Mama Bupe alipiga magoti palepale, akajifunika khanga kichwa kizima, kisha akainuka akakimbilia migombani bila kutazama nyuma. Babu aliangusha vigoda, akageukia ukuta, akasimama hivyo, mgongo kwetu, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Bupe alianza kulia bila sauti.

Mimi nimekulia Matema, mama yangu ni Mkisi mfinyanzi. Nilishasikia kwamba kwa Wanyakyusa mkamwana hakutani na baba mkwe wake, hamtazami, jina lake halitaji, na baba mkwe naye humpisha. Nilidhani ni mambo ya zamani. Ni kweli nyumba nyingi siku hizi zimelegeza. Hii haikuwa imelegeza, na mimi kwa miezi yote ile sikuwa nimeuliza.

Babu alisema akiwa bado anatazama ukuta: "Binti, kusanya madaftari yako. Kazi hii imekwisha hapa."

Njiani Mratibu alisukuma pikipiki iliyokuwa imegoma, mimi baiskeli yangu. "Si ulisema wewe ni wa hapahapa?" akauliza.

"Wa ziwani," nikasema.

"Bado wiki mbili shule zifungwe, Ikupa. Kikao kisipofanyika, jina linatoka. Siwezi kuandika kilichofanyika kama hakikufanyika."

Sikula vizuri wiki ile. Nilimwona Bupe kama ninavyojiona mimi, mtoto aliyekaa nyuma ya darasa akiwa na jambo kichwani na hakuna wa kumwuliza. Mimi jambo langu lilikuwa dogo. Lake lilikuwa kubwa, na mlango alikuwa nao, na aliyeufunga ni mimi.

Jumatatu nikaenda peke yangu, bila begi. Babu alikuwa anachonga mpini.

"Nimekuja kuomba radhi, tata."

"Mama yako hakukufundisha?"

"Mama yangu anafundisha udongo tu, tata. Vyungu haviogopi mkwe."

Kisu kikasimama. Nikaona bega linatikisika, na kumbe mzee anacheka, hataki nione. Kisha akaacha kucheka. "Mimi umeniaibisha, lakini mimi ni mzee, nitasahau. Kamwombe radhi aliyekimbia. Pita huku nyuma. Na mimi naondoka kwanza." Akakohoa kwa nguvu mara mbili, akachukua mpini wake akaelekea shambani. Nikaelewa kikohozi hicho ni cha kila siku, kwamba mzee hapiti uani kwake mwenyewe bila kutoa taarifa kwa mkamwana; siku ile huenda kicheko changu ndicho kilichokizima.

Jikoni mama Bupe alikuwa amepiga magoti mbele ya ungo. Niliomba radhi. Alisogeza maharage kwa kidole.

"Dada, ulidhani naogopa."

"Ndiyo."

"Siogopi. Mwaka ule nilipougua, yeye alitembea mpaka Ipinda kunitafutia dawa, akaiweka kwenye kizingiti akakohoa. Ni heshima hiyo. Mimi namheshimu, yeye ananiheshimu. Wewe ulinivua nguo mbele ya watu."

Nililia. Najua kazini hatulii, lakini nililia. Yeye akanipa maji, akaniambia, "Basi, basi, utayamwagia maharage yangu." Ndipo nikayatazama. Yalipangwa kwa miraba, mistari na mistari. Mraba mmoja wa tano kwa tano. Mwingine mkubwa, kumi na mbili kwa kumi na mbili. Kando yake alikuwa anajenga mwingine.

"Nani amepanga hivi?"

"Mimi. Bupe ananiletea maswali ya barazani." Alisema kama mtu anayesema ameletewa chumvi. "Ile kamba ya tatu, nne, tano. Nikapanga mraba wa tatu, tisa. Wa nne, kumi na sita. Ukiyachanganya maharage yote yanatengeneza mraba wa tano, hayabaki wala hayapungui. Nikasema, kama ni hivyo, nitafute miraba mingine inayokubali kuchanganywa. Tano na kumi na mbili zinatoa kumi na tatu. Kamba ya sehemu thelathini. Babu yake ameivuta juzi kwenye kona ya banda. Imekubali."

Yaani majibu yote niliyoyasifia kwenye daftari la Bupe yalikuwa yanatembea. Swali linatoka barazani, linaingia jikoni, linarudi barazani limenona, babu analiongezea lake, na Bupe katikati analifikiri kila hatua. Babu hamtaji mkamwana. Anasema, "Waulize jikoni." Mama naye anasema, "Waambie barazani." Nyumba nzima ilikuwa inafanya kazi nyongeza kila siku, na mimi nimeandika mama hana mwamko.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza nafanya nini, dada. Uliuliza tu kama nitakuja kukaa."

Nilirudi kituoni nikamweleza Mratibu. Alikuna kidevu. "Fomu inasema wakae pamoja."

"Njoo uone kwanza, kaka. Ukikataa baada ya kuona, nitalitoa jina mwenyewe."

Alikuja, kwa ruhusa ya babu, siku tatu kabla ya shule kufungwa. Yeye na babu walikaa barazani, mimi na mama Bupe jikoni, mlango ukitazama migombani, ukuta wa mianzi na udongo katikati yetu. Bupe alisimama nje kwenye kona, mahali anapoonekana na pande zote mbili. Kazi ilikuwa: baada ya kamba hizo mbili, tafuteni ya tatu.

"Wanasema barazani tujaribu sita, nane, kumi," Bupe akaleta.

"Waambie hiyo ni ileile ya kwanza imevaa viatu virefu," mama akasema. Nikasikia babu akicheka upande wa pili kabla hata Bupe hajafikisha. Ukuta ule sauti ulikuwa unapitisha, na wote wawili walijua, na wote wawili walisubiri mtoto afikishe.

Bupe alikwenda na kurudi mara tano, mara sita. Maharage yalikuwa yanaenda kwisha. Mara ya saba hakuja. Nilichungulia nikamwona amesimama kwenye kona yake, midomo inacheza.

"Bupe?" Mratibu akaita. Na mimi nikadhani ameshindwa.

"Subirini," akasema. Mtoto wa Kinyakyusa kuwaambia watu wazima subirini! Hakuna aliyemkemea. "Tatu mara tatu ni tisa. Tisa ni nne na tano. Tano mara tano ni ishirini na tano. Hiyo ni kumi na mbili na kumi na tatu. Pande mbili kubwa zinafuatana halafu zinajumlishwa." Midomo ikacheza tena. "Basi saba mara saba ni arobaini na tisa. Ni ishirini na nne na ishirini na tano. Kamba ni saba, ishirini na nne, ishirini na tano."

Nikasikia Mratibu akibonyeza simu. Alibonyeza mara ya kwanza, akafuta, akabonyeza tena.

"Imekubali," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Jikoni mama Bupe aliziba mdomo kwa khanga. Barazani babu alipiga paja: "Waambie jikoni wamezaa!"

Mratibu akatoa fomu. Nilizunguka nikasimama karibu. Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya kiboksi kimoja. "Mzee, hapa wananiuliza kama nyumba imekaa pamoja."

Babu akautazama ukuta wake wa mianzi. "Imekaa. Ukuta ule nimeujenga mwenyewe, najua unapitisha nini."

Mratibu akatia sahihi.

Wadogo zangu, mengine ya kazi mtayaona wenyewe: matairi, mvua za Aprili, mbwa wa Makwale. Mimi naondoka na ndoto yangu ya kupata chumba kimoja pale Matema, karibu na mama yangu na vyungu vyake, ambapo mtoto yeyote ataingia na swali na hakuna atakayemwambia muda umekwisha. Sina hata mlango wa chumba hicho bado, lakini nimeshachagua rangi. Kitu kimoja tu nawaomba: mkifika kwenye nyumba, kabla ya kutafuta nani hayupo, ulizeni waliopo wanafanya nini. Mimi nilichelewa kuuliza, na kidogo mtoto alipie.

Bupe sasa yuko sekondari. Niliwaaga kwao mara mbili, kama inavyopasa, barazani na jikoni. Na jikoni, kwa mara ya kwanza, nilimwuliza mama Bupe jina lake mwenyewe. Aliona haya, kisha akanitajia.

Siku ya mwisho Mratibu alinipa orodha ya watoto niwakabidhi ninyi. Watu walishaondoka, kituo kilikuwa na mimi na meza tu. Nilihakiki majina kumi na manne. Kisha nikachora mstari wa kumi na tano chini yake kwa rula, nikaandika: Tusekile, Busale. Palipoandikwa umri nikaandika thelathini na sita. Palipoandikwa darasa nikaandika la saba, alimaliza. Na palipoandikwa aina ya maswali ya kumpelekea, nikaandika: magumu.